Jina Lake Liko Kwenye Risiti Yako: Maisha ya Fernand Widal

Tuanze na karatasi. Ukiingia kliniki ndogo yoyote hapa Nakuru, iwe Kaptembwo, Bondeni, Free Area ama kule Pipeline, ukasema kichwa kinauma, viungo vimelegea na tumbo halieleweki, kuna uwezekano mkubwa utatolewa damu kidogo. Unakaa kwenye benchi, unaangalia simu, na baada ya muda unaitwa kupewa kikaratasi kilichoandikwa Widal, na mbele yake nambari kama 1:80 ama 1:160. Unaambiwa una taifodi. Unalipa, unabeba mfuko wa dawa, unaenda zako.

Wengi wetu tunadhani Widal ni kifupisho cha maneno fulani ya kidaktari. Wengine hulitamka waidali, kama jina la sabuni. Kumbe ni jina la mtu. Tena mtu aliyezaliwa hapahapa Afrika, akafariki karibu miaka mia moja iliyopita, na sidhani kuna Mfaransa mwingine ambaye jina lake hutajwa sana hivyo katika Bonde la Ufa. Labda Peugeot, enzi zile 504 zilipokuwa zikikimbiza abiria kati ya Nakuru na Nairobi.

Georges Fernand Widal alizaliwa tarehe 9 Machi 1862 mjini Dellys, bandari ndogo katika pwani ya Aljeria, mashariki mwa Algiers. Wafaransa walikuwa wameivamia nchi hiyo tangu 1830. Familia yake ilikuwa ya Kiyahudi. Huku kwetu wakati huo Nakuru haikuwa hata stesheni. Reli ilifika hapa mwaka 1900, na kufikia hapo Widal alikuwa tayari na jina duniani. Udaktari aliusomea Paris na akamaliza shahada yake mwaka 1889, kwa tasnifu kuhusu homa ya uzazi, ile iliyokuwa ikiua wanawake baada ya kujifungua. (Mimi chuo niliacha mwaka wa pili, kwa hivyo mtu anayemaliza tasnifu namvulia kofia bila maswali.)

Ili uelewe kwa nini huyu jamaa alipata umaarufu, lazima kwanza uelewe homa ya matumbo ilivyokuwa ikiwasumbua madaktari wa siku zile. Ugonjwa huu huletwa na bakteria anayeitwa Salmonella Typhi. Anatoka kwenye choo cha mgonjwa, anaingia kwenye maji ama chakula, na wewe unammeza. Akifika kwenye utumbo mdogo hakai hapo. Anapenya ukuta wa utumbo, anaingia kwenye damu, anajificha kwenye ini, wengu na uboho wa mifupa, kisha anarudi tena kwenye utumbo kupitia nyongo. Homa inapanda polepole siku baada ya siku, si ghafla. Usipotibiwa, kufikia wiki ya tatu utumbo unaweza kutoboka, na uchafu wake ukamwagika ndani ya tumbo. Hapo ndipo watu hufa.

Tatizo lilikuwa kwamba katika wiki ya kwanza taifodi inafanana na kila kitu. Inafanana na malaria, inafanana na kifua kikuu kinachoanza, inafanana na mafua mabaya. Karl Eberth alikuwa amemwona bakteria mwenyewe mwaka 1880, na Georg Gaffky akafaulu kumwotesha maabarani mwaka 1884. Lakini kumtoa kwenye mwili wa mgonjwa aliye hai na kumtambua haikuwa kazi rahisi. Kwa hivyo daktari alikuwa akikaa kando ya kitanda akihesabu siku, akibonyeza tumbo, akitafuta vidoa vyekundu kifuani, vidoa ambavyo kwenye ngozi nyeusi ni vigumu hata kuviona. Mara nyingi jibu la uhakika lilikuja mtu akishapona, ama akishapasuliwa mochari.

Widal alikuwa ameshaanza kupambana na bakteria huyu akiwa bado mwanafunzi. Mwaka 1888, akifanya kazi na André Chantemesse, aliua bakteria wa taifodi kwa joto, akawadunga panya bakteria hao waliokufa, kisha baadaye akawadunga walio hai. Panya waliodungwa mapema walistahimili. Ni wazo la chanjo, miaka minane kabla ya mtu yeyote kuchanjwa taifodi. Weka hilo pembeni, tutalirudia.

Sasa twende mwaka 1896. Mjini Vienna, Max von Gruber na mwanafunzi wake Mwingereza, Herbert Durham, walikuwa wamegundua jambo la ajabu. Ukichukua seramu, yaani yale majimaji yanayobaki damu ikiganda, kutoka kwa mnyama aliyezoeshwa bakteria fulani, ukayachanganya na bakteria haohao, wanaacha kuogelea na kushikamana vibonge-vibonge. Kwa lugha ya leo tungesema kingamwili zimewashika. Wanasayansi wengi waliliona jambo hili kama alama ya kinga: mwili umeshapigana, umeshinda, na sasa una silaha.

Widal aliuliza swali ambalo lingeulizwa tu na mtu anayeshinda wodini. Je, yule ambaye bado yuko kitandani, homa imempanda, vita havijaisha? Akachukua seramu ya wagonjwa, akaichanganya na mchuzi uliojaa bakteria hai wa taifodi, akaangalia kwa darubini. Wale vijiti waliokuwa wakiogelea huku na huku walianza kuzubaa, wakasimama, wakakusanyika vikundi vikundi. Kumbe silaha zinatengenezwa vita vikiwa bado vinaendelea. Kwa hivyo damu ya mgonjwa yenyewe inaweza kukuambia anaugua nini. Tarehe 26 Juni 1896 alisimama mbele ya chama cha madaktari wa hospitali za Paris, akawaeleza.

Hakuwa peke yake. Kule Uingereza, Albert Grünbaum, ambaye alikuwa amefanya kazi na Gruber, alikuwa akijaribu jambo hilohilo kwa wagonjwa, lakini wagonjwa wenyewe alikuwa nao wachache na Widal akamtangulia kuchapisha. Ndiyo maana katika nchi za Kijerumani kipimo hiki kilipewa majina mawili, Gruber na Widal. Ukiniuliza, ugomvi wa nani alikuwa wa kwanza unaficha jambo kubwa zaidi. Gruber alitaka kutambua bakteria kwa kutumia seramu anayoijua. Widal aliipindua: akachukua bakteria anayemjua, akatambua ugonjwa wa mtu. Vifaa ni vilevile, lakini mgonjwa ndiye aliyefaidika.

Habari ilisambaa haraka kuliko tunavyofikiria dunia ya bila intaneti ilivyokuwa. Mwaka huohuo, mjini Montreal, Kanada, Wyatt Johnston alionyesha kwamba hata tone la damu lililokauka linatosha. Daktari wa kijijini angeweza kulituma kwa posta, maabara ya mjini ikamjibu. Leo kampuni zinazotengeneza vipimo vya damu vya magonjwa ya tumbo zinashindana kwa mashine na vikaseti vya plastiki, lakini mlango ulifunguliwa hapo: ugonjwa ulio ndani ya utumbo unasomwa kwenye tone la damu, bila kupasua mtu.

Kwa hivyo kosa liko wapi? Maana lazima kuna mahali mambo yaliharibika, kama nusu ya mtaa ina taifodi kila mwezi.

Turudi kwenye ile nambari ya kikaratasi. 1:80 maana yake ni kwamba seramu yako imezimuliwa hadi ikawa sehemu moja katika themanini, na bado imewashikanisha bakteria. 1:160 imezimuliwa zaidi na bado ina nguvu. Nambari inapima kingamwili. Haipimi bakteria. Hapo ndipo mtego ulipo. Kingamwili hubaki kwenye damu miezi mingi baada ya ugonjwa kuisha. Zinaweza kuwa za taifodi ya mwaka jana, ama za chanjo, ama za ndugu zake Salmonella Typhi, maana hao Salmonella wengine tunao wengi Kenya na wanafanana naye kwa sura. Hata malaria inaweza kuvuruga majibu. Na upande wa pili, mtu mwenye taifodi kabisa, siku ya tatu ya homa, anaweza kupimwa akaambiwa hana chochote kwa sababu mwili bado haujatengeneza kingamwili za kutosha.

Ndiyo maana vitabu vya tiba vinasema kipimo hiki, kama ni lazima kitumike, kifanywe mara mbili, siku kama kumi hadi kumi na nne zikipita katikati, na uangalie kama nambari imepanda angalau mara nne. Niambie wewe, ni nani amewahi kuitwa arudi baada ya wiki mbili? Sisi hupimwa mara moja, tone moja la damu na tone moja la dawa kwenye kigae, linatikiswa, linaangaliwa kwa macho, basi. Widal alikuwa na mgonjwa kitandani anayemfahamu, anajua homa ilianza lini, anarudia kipimo, anaangalia kwa darubini. Sisi tumebaki na jina lake na nambari.

Mwaka mmoja nilipimwa mara tatu katika kliniki moja ya mtaani ambayo sitaitaja, na mara zote tatu nikaambiwa nina taifodi. Sindano, vidonge, sindano tena. Mwisho nikaenda kwingine, nikaangaliwa vizuri, ikawa ni vidonda vya tumbo. Siisimulii kwa sababu ni ya ajabu. Naisimulia kwa sababu ukiuliza matatu manne uliyokaa nao kwenye matatu ya Lanet, mmoja wao ana hadithi kama hiyo.

Hasara si pesa tu, ingawa pesa zenyewe zinauma. Ya kwanza ni kwamba ugonjwa wa kweli unaendelea kukua huku wewe ukitibiwa mwingine. Nakuru iko juu, karibu mita 1,850 kutoka usawa wa bahari, na malaria si nyingi hapa. Lakini mtu akitoka likizo Busia ama Baringo akirudi na homa, akapewa dawa za taifodi, malaria inapata siku tano za bure kichwani mwake. Ya pili ni dawa zenyewe. Kloramfenikoli ilianza kutibu taifodi mwaka 1948 na watu wakaona ni muujiza. Kufikia mwisho wa miaka ya 1990, watafiti wa Nairobi walikuwa wanakuta Salmonella Typhi wengi wasiosikia kloramfenikoli, wala ampisilini, wala septrini. Tukahamia siprofloksasini, kisha sindano za seftriaksoni. Kila mtu asiye na taifodi anayemeza dawa hizi anawafunza bakteria wengine walio tumboni mwake jinsi ya kuzikwepa. Halafu siku mtoto wa jirani anapougua taifodi ya kweli, kabati la dawa limebaki na nini?

Na taifodi ya kweli ipo, nisieleweke vibaya. Uchunguzi wa damu uliofanywa Kibera, kwa njia ya kuaminika, uliikuta kwa wingi kuliko kijijini, hasa kwa watoto. Penye msongamano, mabomba yaliyopasuka na vyoo vya shimo karibu na visima, yupo. (Maji ya visima vya Nakuru yana floraidi nyingi pia, meno ya kahawia tunayajua wote, lakini hiyo ni kesi nyingine, floraidi haileti taifodi.) Njia ya kuaminika ninayosema ni kuotesha damu: unatolewa damu kabla hujameza dawa yoyote, inawekwa kwenye chupa yenye chakula cha bakteria, na maabara inasubiri siku kadhaa kuona nani ataota. Nayo si kamilifu, huwakosa karibu wagonjwa wanne katika kumi. Lakini akiota, umemshika mwenyewe, na unaweza hata kumjaribu kwa dawa mbalimbali uone ipi inamuua. Hospitali kubwa za kaunti na maabara kubwa za mjini ndizo za kuulizwa. Kuuliza ni bure. Muulize anayekuhudumia kama malaria imeangaliwa, na kama damu inaweza kuoteshwa kabla ya sindano ya kwanza.

Kuna waliojaribu kutengeneza mrithi wa Widal. Malaysia ilitoa Typhidot, Uswidi ikatoa Tubex, vipimo vya haraka vya kingamwili. Ni bora kidogo, lakini hakuna kilichofaulu kiasi cha kukistaafisha kile cha 1896. Ukifikiria, kipimo kinachotumika leo Nakuru kina umri mkubwa kuliko mji wenyewe.

Haya, Widal mwenyewe hakukaa kungoja sifa. Mwaka 1900, pamoja na Paul Ravaut, alionyesha kwamba ukitoa maji yaliyojaa kwenye kifua cha mgonjwa na ukatazama aina ya seli zilizomo, unaweza kukisia kama ni kifua kikuu ama kitu kingine. Mwaka 1922 alieleza kundi la watu wenye pumu na vinyama puani ambao wakimeza aspirini wanabanwa kifua vibaya. Madaktari bado wanaliita kundi hilo kwa jina lake.

Lakini kazi yake ninayoipenda zaidi ni ya chumvi. Kabla yake, mgonjwa wa figo aliyevimba miguu na uso alikuwa akiwekwa kwenye maziwa matupu, na nyama ikaonekana adui. Mwaka 1903, akiwa na André Lemierre, Widal alianza kuwapima wagonjwa hawa uzito huku akiwaongezea na kuwapunguzia chumvi. Chumvi ikiongezwa, uzito unapanda na uvimbe unarudi. Chumvi ikiondolewa, mgonjwa anakojoa maji yote na miguu inarudi kuwa miguu. Nyama isiyo na chumvi haikumdhuru. Maziwa yaliyotiwa chumvi yalimvimbisha. Kama nyanya yako wa Molo ama Elburgon ameambiwa na daktari apunguze chumvi na anakasirika kila mkipika, mlalamikie Widal, yeye ni mmoja wa walioanzisha. Tazama pia alivyofanya kazi: mizani, chumvi, mgonjwa, siku baada ya siku. Hakuna kipimo cha mara moja hapo.

Mwaka 1911 akawa profesa wa tiba Paris, na akafanya kazi hospitali ya Cochin. Kisha vikaja Vita vya Kwanza vya Dunia. Bunge la Ufaransa lilikuwa limepitisha Machi 1914 kwamba wanajeshi wachanjwe taifodi, lakini vita vikaanza kabla wengi hawajachanjwa, na mahandaki yakajaa matope, maji machafu na wagonjwa. Vilevile ikaonekana kwamba baadhi ya waliochanjwa wanaugua ndugu za taifodi, yaani parataifodi A na B. Widal akashikilia kwamba chanjo ichanganywe, bakteria watatu kwenye sindano moja, na mchanganyiko huo ukatumika jeshini. Yale mawazo ya panya wa 1888 yalikuwa sasa kwenye mikono ya askari.

Huku Afrika Mashariki, vita hivyohivyo vilibebwa kwa mabega. Wanaume walichukuliwa kutoka kila pembe ya Kenya, wakawekwa kwenye Carrier Corps, jina lililotuachia Kariokor Nairobi na Kariakoo Dar es Salaam. Walikufa kwa maradhi wengi mno kuliko waliokufa kwa risasi, na kuhara damu ndiko kulikuwa kati ya wauaji wakuu. Sayansi ya magonjwa ya tumbo ilikuwepo tayari. Kwao ilifika kidogo na kwa kuchelewa.

Chanjo ya taifodi ilituchukua muda zaidi. Aina ya sasa, inayofanya kazi hata kwa watoto wachanga wa miezi sita, ilipendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2018. Kenya iliianza kitaifa Julai 2025, kwa watoto kuanzia miezi 9 hadi miaka 14. Kama una mdogo wako wa umri huo aliyekosa, nenda zahanati muulize; nayo inatolewa sasa pamoja na chanjo za kawaida za watoto. Sisi wa umri wa ishirini na kitu hatukuhesabiwa, kwa hivyo yetu bado ni maji yaliyochemshwa, mikono iliyooshwa, na kuangalia mwenye kibanda anaosha vipi sahani kabla hujaagiza.

Kule Paris, kipimo cha Widal hakikuondolewa na kipimo kingine. Mji ulileta maji ya chemchemi kutoka mbali, ukayasafisha, na taifodi ikapungua hadi madaktari vijana wakakosa wa kumpima. Mwenyewe aliishi kuona mwanzo wa hayo. Alifariki Paris tarehe 14 Januari 1929, akiwa na miaka 66. Kuna hospitali inayoitwa kwa jina lake, Fernand-Widal, mwendo mfupi kutoka stesheni ya Gare du Nord. Ukiingia hospitali ya Paris na homa baada ya kutoka safari, watakutoa damu, nao wataiotesha.